Mafungu Matatu ya Ndege ya Talal

Madungu, Chake Chake, 1997

Jumapili, 3 Agosti

Daktari amenipima presha, akaitazama ile saa ya mashine yake mara mbili, akaniuliza, "Mwalimu, nani anakukera?" Nikamwambia wako wengi. Akasema, basi ukishindwa kunyamaza, andika. Nimelitoa daftari la mahudhurio la Darasa la Saba ambalo sikuwahi kulijaza, kwa kuwa Machi ya mwaka jana niliitwa ofisini nikapewa barua ya kuachishwa kazi, ya mistari minne. Miaka thelathini na mbili ya kufundisha hesabu, mistari minne.

Anayenikera zaidi ni Thabit, kaka yangu wa tumbo moja. Yeye yuko chama kinachotawala, mimi niko upinzani, na tangu uchaguzi wa tisini na tano Pemba nzima imekatika hivyo hivyo. Hilo ningelistahamili. Lakini ilipita orodha ya wafanyakazi wa serikali walioonekana wapinzani, na Thabit alikuwa mjumbe wa kamati iliyoipitisha. Jina langu lilikuwamo. Nani mwingine katika kamati ile alijua ninachosema ndani ya nyumba yangu?

Sijasema naye tangu siku ile. Wenzangu hawanunui dukani kwake. Misumari na rangi tunaifuata mpaka Wete. Mama yetu alipofariki Novemba iliyopita, alisomewa khitma mbili siku moja, moja kwake moja kwangu, na pilau mbili. Mama mmoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Talal amepiga simu dukani kwa Mzee Duni, nikaitwa mbio na ushungi haujakaa sawa. Talal ni mdogo wetu wa mwisho. Anatengeneza viyoyozi huko Maskati, ana miaka arubaini na mitano, na anakuja Oktoba. Tangu aondoke mtoto hajakanyaga Pemba. Nimelia kwenye simu ya watu. Kisha akaniuliza, "Dada, ile ndege yangu mnayo?"

Nikamjibu, "Ipo, nzima, inakungoja."

Uongo. Niueleze, ndiyo kazi ya daftari hili. Mwaka sitini na tatu Talal alishika nafasi ya kwanza darasani, na baba akamnunulia Unguja boksi la ndege ya plastiki ya kuunda mwenyewe, Spitfaya ya Waingereza, ile iliyopigana Vita vya Pili. Ndani vipande vimeshikana kwenye vijiti kama karafuu zilivyoshikana kwenye makonyo. Unachambua, unakwangua, unaunganisha kwa gundi. Baba alimwambia asichambue hata kimoja mpaka skukuu. Januari ikaingia na mapinduzi yake, na skukuu ile ilimkuta Talal Mombasa kwa ami yetu. Kutoka hapo akaenda Maskati. Mama aliliweka boksi kabatini mwake miaka thelathini na mitatu, na kila mwaka akilianika juani pamoja na mito. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Mama alipofariki tuligawana kila kitu, mpaka vijiko. Talal alisamehe fungu lake kwa simu. Thabit mwanamume, mafungu mawili. Mimi mwanamke, fungu moja. Boksi lilikuwa na vijiti vitatu. Viwili vikaenda kwake, cha mwili na cha mabawa, pamoja na kile kioo cha kufunikia juu. Kimoja changu: magurudumu, propela, kiti na rubani. Na karatasi ya maelekezo ikaja kwangu, kwa kuwa yeye alichukua boksi lenyewe.

Kwa hiyo ndege ipo. Nusu iko Madungu, nusu iko kwa mtu ambaye simwamkii.

Jumapili, 10 Agosti

Karafuu zimeanza kuchumwa Wawi. Dawa nimesahau.

Jumamosi, 16 Agosti

Mikarafuu ya mama huko Wawi ni kumi na miwili. Minane yake, minne yangu, na majamvi yetu ya kuanikia yako kiwanja kimoja, hatua kumi baina yao. Zamani mvua ikija ulikuwa unakusanya karafuu zozote zilizo karibu nawe, na mwenyewe akifika anakuta jamvi lake limekunjwa. Siku hizi watu wanatazama kwanza ni jamvi la nani.

Leo adhuhuri mvua imeshuka ghafla. Nilikunja langu, nikakaa bandani nikazitazama karafuu za Thabit zikilowa. Siku tatu za jua zilikuwa zimepotea pale, na zitakauka zikiwa na weupe ambao mpimaji wa kituo cha karafuu hautaki. Nilitazama mpaka mwisho. Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi kwa kuwa daktari hakuniambia niandike uongo.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeanza fungu langu. Plastiki ya miaka yote hii imekuwa kavu, ukikata kwa pupa inavunjika. Ninatumia wembe, na kikatio cha kucha pale wembe usipofika. Rubani ana urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Amekaa mikono juu ya mapaja, kapachikwa kofia ya ngozi, na uso wake hauna kitu. Nimemtia macho kwa ncha ya sindano na wanja. Jicho la kushoto limekaa juu kidogo, na sasa ananitazama kama mwanafunzi asiyeamini jawabu nililoliandika ubaoni.

Karatasi ni ya Kiingereza, ina picha na namba moja hadi kumi na nane. Nimeisoma yote mara tatu. Mimi ninajua kila kitu cha kufanya na sina cha kukifanyia.

Jumamosi, 23 Agosti

Mwatima amekuja. Ni jirani yangu, anauza mkate wa kumimina, watu wake ni wa Kojani, na ndiye mtu pekee mtaa huu anayeingia kwangu na kwa Thabit, kwa sababu nyumba zote mbili haziwezi kuacha mkate wake. Leo hakukaa.

"Bi Buthaina, n'katumwa."

"Na nani?"

"Wamjua. Kasema ile karatasi ya kuundia unayo weye. Yeye ana mwili na mabawa, hajui aanzie wapi. Kasema umpe aitazame siku moja tu, takurejeshea mie mwenyewe."

"Mwambie alete mwili na mabawa hapa, nitaunda mimi."

"Kasema utasema hivyo. Basi kasema umpe hivyo vidude vyako, aunde yeye."

Vidude! Nilimwambia Mwatima arudi akamwambie Thabit kwamba aliyezoea kutia sahihi mambo bila kuyasoma hahitaji karatasi ya maelekezo. Aunde tu.

Mwatima akafunika kapu lake. "Haya mie siyatii mdomoni. Na nkwambie kitu, Mwalimu? Mie naona watu wazima wawili wagombea kichezeo."

"Si kichezeo."

"Ni nini?"

Nilinunua mkate ili aondoke.

Jumapili, 24 Agosti

Jua kali. Sina hamu.

Jumamosi, 6 Septemba

Talal amepiga tena. Anafika Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba, kwa ndege ndogo kutoka Unguja. Anasema amempigia na Thabit, na Thabit kamwambia ndege iko tayari kabisa, inasubiri kupewa tu mwenyewe mkononi.

Tayari! Bila magurudumu, bila propela, bila rubani. Huyu mtu anasema uongo kama anayetoa salamu. Nilirudi nyumbani nikapiga deki sebule yote kwa hasira, na ilikuwa imeshapigwa asubuhi.

(Najua nilichomwambia Talal mimi. Lakini mimi nilisema ipo. Sikusema iko tayari.)

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua ya leo haikuwa ya Septemba. Ilinikuta sokoni na karafuu zangu zote ziko jamvini Wawi, kavu, zimebaki siku moja kupelekwa kituoni. Nilipata gari, nikafika nikiwa nimelowa mpaka mifupani, na njiani kote nilikuwa nimeshazililia.

Jamvi lilikuwa limekunjwa. Juu yake kulikuwa na turubai, na kamba imefungwa kwa kile kifundo cha mara mbili ambacho baba alitufundisha sote watatu, na siku hizi Wawi nzima anayekifunga ni mimi na mmoja mwingine. Jamvi lake lenyewe hakuliwahi. Karafuu zake zilikuwa zinaelea.

Nilikaa juu ya jiwe na mvua ikininyeshea. Sijawahi kukasirika hivi. Alitaka nini? Nimshukuru? Aende akasimulie kwamba kaniokoa? Mtu akikuchukulia kazi yako ya maisha hakulipi kwa kukunjia jamvi.

Jumamosi, 13 Septemba

Turubai lake nimelikausha, nimelikunja, nimempa Mwatima alirudishe. Sikutuma neno.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimebakiwa na wiki tatu. Leo nilikwenda kwa Shehe Hamdan, ndiye aliyetugawia mirathi. Nilikuwa nimejiandaa kama ninayekwenda kukaguliwa. Nilitaka amwamuru Thabit alete mwili na mabawa, kwa hoja kwamba fungu langu lina karatasi, na bila karatasi mafungu yake mawili hayana faida. Niliieleza vizuri. Shehe alinisikiliza huku akivua miwani na kuivaa.

"Bi Buthaina, lile boksi lilikuwa la nani?"

"La marehemu mama. Lilikuwa kabatini kwake."

"Sikuuliza lilikuwa wapi. Marehemu baba yenu alimpa nani mkononi?"

"Talal."

"Talal kafa?"

"Yuko Maskati."

"Mtu hai harithiwi. Mie nligawa kwa maneno yenu, sikuwa na njia ya kujua. Na siku ile nliuliza, mbele ya watu: vyote vino ni vya marehemu? Kuna aliyenjibu, 'Vyote.' Nani?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Haya, daftari, niandike na hili.

Nilikuwa mimi. Thabit siku ile alikuwa amelishika boksi. Alisema, "Hili la Talal, liwekeni kando." Nakumbuka sauti yake, nakumbuka alilipangusa vumbi kwa kanzu. Na mimi, ambaye nilikuwepo baba alipompa, ambaye nililiona likianikwa juani kila mwaka, nikasema, "Kilichomo kabatini kwa mama ni cha mama. Kigawiwe, na vijiti vihesabiwe." Barua yangu ya mistari minne ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikutaka kitu hata kimoja kibaki baina yangu na Thabit bila kukatwa. Thabit alinitazama, kisha akaliweka boksi katikati ya mkeka pamoja na vijiko.

Na kinachonichoma si kwamba nilikosea. Ni kwamba yeye alikuwa sahihi, yeye, na nitakufa nikilijua hilo.

Jumapili, 28 Septemba

Presha imepanda. Daktari kauliza kama ninaandika. Nikamwambia ndiko kulikoipandisha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemwita Mwatima, nikampa ile karatasi ndani ya bahasha. Nikamwambia, "Mpelekee. Mwambie aifuate tangu namba moja, kisha aje kuchukua vitu vyangu."

Mwatima akaitazama bahasha, akanitazama mimi, akasema alhamdulillahi kwa sauti ambayo hata jirani wa pili aliisikia. Akarudi saa moja baadaye bila kupiga hodi.

"Kaisoma kasimama. Kisha kakaa kitako pale sakafuni dukani, na wateja wamtazama. Kasema, mwambie nshaufunga."

"Ameufunga nini?"

"Mwili. Zile nusu mbili kazigandisha. Na kioo cha juu kagandisha. Na rangi kashapaka, mikono miwili. Ni jana tu, Mwalimu."

Namba moja kwenye karatasi ile inasema: mtie rubani kwenye kiti, kiti ukigandishe ndani ya ubavu wa kushoto, kisha ndiyo ufunge mwili. Si namba kumi. Namba moja! Nilipiga kelele mpaka Mwatima akafunga dirisha. Wiki sita rubani amekaa kwenye kikopo cha wanja juu ya meza yangu, na wiki sita karatasi imekaa chini ya mto wangu, na Thabit aliiomba, kwa adabu, kwa siku moja.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Hakuna wa kuanika kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ndege imekuja kwangu ndani ya ungo, juu ya kichwa cha Mwatima, imefunikwa kanga. Hakutuma maneno.

Nilipoifunua nilitaka kuitupa. Kaipaka rangi ya kijani ya milango, ile iliyo nzito, na tumbo kalipaka buluu ya madirisha. Bawa la kulia limeinuka kuliko la kushoto. Halafu niliigeuza kwenye mwangaza nikaona ule mshono wa mgongoni, pale nusu mbili zinapokutana, kausugua kwa msasa mpaka hauonekani. Bawa nalo lilikuwa limepinda kwa joto la miaka yote ile. Unaona pale alipolilaza kwenye maji ya moto akalinyoosha. Ana miaka hamsini na tisa na macho yake mabovu. Kazi ile imemchukua usiku mwingi, na kaifanya bila karatasi kwa kuwa mimi nilimnyima.

Nimeweka magurudumu. Propela ilitakiwa ishikwe ndani kabla ya kufungwa ili izunguke. Nimeigandisha, haitazunguka tena. Zile alama za duara za mabawani, zilizokuja kwangu pamoja na karatasi, nilizitia majini kama karatasi inavyosema, zikakatika vipande kwa uzee. Nilizibandika kipande kipande kwa kikoleo cha nyusi. Kiti na rubani hakuna pa kuwatia. Kupitia kile kioo unaona shimo jeusi tu.

Nimekasirika leo siku nzima na sikujua pa kuielekeza hasira. Hilo ni geni kwangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Talal amefika. Kiwanjani tulisimama makundi mawili, sisi upande wa mlango, wao upande wa ukuta, na katikati pakabaki nafasi ya gari kupita. Alishuka na mvi, na ule mwendo wa baba wa kutupa mguu wa kushoto. Alisimama pale kwenye nafasi katikati, akatazama huku, akatazama kule. Hakuja kwa yeyote. Ilibidi sisi tumfuate, na tulimfuata kwa zamu.

Nilikuwa nimepika wali wa nazi na pweza. Thabit, nasikia, alichinja. Talal akauliza kama chakula ni pahala pamoja. Kila kundi likageukia upande wake. Akasema amechoka, akaenda kulala nyumba ya wageni, na jioni kaonekana barazani kwa Mwatima anakula muhogo. Ndugu yetu, baada ya miaka thelathini na mitatu, katika mji wake, nyumba ya wageni! Fedheha hii Madungu haitaimaliza kwa mwaka mmoja.

Jumatatu, 20 Oktoba

Naandika haraka, tusameheane herufi.

Baada ya laasiri mlango umepigwa. Alikuwa Talal, na amemshika Thabit mkono juu ya kiwiko kama askari. Thabit hakuwa ameingia nyumbani kwangu tangu kabla ya mama kufa. Alivua viatu, akasimama navyo mkononi, hajui aviweke wapi. Nyumba ambayo alikuwa akiingia na kufungua masufuria.

Talal alikaa kitako mkekani. "Ndege yangu iko wapi?"

Nikaileta. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliizungusha, akapitisha kidole mgongoni, akagusa propela, haikuzunguka. Kisha akaweka jicho kwenye kioo.

"Rubani yuko wapi?"

Nikafungua kikopo cha wanja, nikamwonesha.

"Mbona hayumo ndani?"

"Karatasi alikuwa nayo yeye," akasema Thabit.

"Mwili alikuwa nao yeye," nikasema mimi.

"Na mie nlikuwa wapi?" akasema Talal. Kipemba chake hakijapotea hata kidogo, na nilikuwa namsikia mtoto wa miaka kumi na mmoja ndani ya mwanamume huyu mwenye mvi. "Nambieni. Nlikuwa kaburini? Jana nlikwenda kwa Shehe Hamdan kumwamkia, kanieleza haya yote. Mama kanianikia boksi langu miaka thelathini na mitatu. Hata miezi miwili alikuwa hajatimiza mchangani, nyie mshanrithi! Nlisamehe mashamba, nlisamehe nyumba, sikuuliza hata kijiko. Hino ndege ndiyo niliyoitaka. Nikilala kule nlikuwa najua kuna kitu changu kimoja Pemba, hakijaguswa."

Sijawahi kusikia mtu akikasirika kwa sauti ya chini namna ile. Mimi hasira yangu ni ya kupiga deki na kufunga milango. Yake ilinikalisha kitako.

Thabit akaanza kusema mvua, mara duka, mara macho yake. Talal akamkata. "Sitaki hayo. Semeni kilichowakata. Semeni mbele yangu, kwa kuwa mie ndiye nliyegawiwa."

Basi nikasema. Nilisema barua, mistari minne, orodha. Nilimwuliza Thabit kwa jina lake, mara ya kwanza kwa muda wote huu: "Thabit, uliniandika?"

Alikuwa bado ameshika viatu. "Sikukuandika. Karatasi ilikuja ishaandikwa. Nlilisoma jina lako."

"Ukafanya nini?"

"Nlinyamaza." Akatazama chini. "Wengine walisema jambo kuhusu watu wao, wakafutiwa. Mie nliogopa, nkanyamaza. Kila siku nalala na hilo, Buthaina, huna haja ya kunambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jawabu isipokuwa hilo. Angekana ningemtoa nje. Angekiri kwamba aliandika ningemlaani na ningepumzika. Lakini kunyamaza! Nilimwambia ni muoga, nilimwambia mama alimzaa bure, nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Na nilipoishiwa pumzi nikasikia mdomo wangu unasema, "Na mimi nilijua boksi si la mama. Wewe ulisema liwekwe kando. Mimi nilijua, nikasema ligawiwe."

Talal alitutazama mmoja mmoja. Nilidhani atatwambia tupeane mikono, kama watu wanavyofanya kwenye mchezo wa redio. Hakusema hivyo. Alimchukua rubani kwa vidole viwili, akamtia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Huyu n'nakwenda naye. Nyie bakini na ndege. Kaka wiki mbili, dada wiki moja, si ndivyo mpendavyo? Mkono kwa mkono. Na asipite Mwatima. Akipita Mwatima, mie ntajua."

Akatoka. Kiti kilikuwa kimebaki kwenye kikopo. Thabit akakiokota, akaniuliza kwa macho, nikaitikia kwa kichwa. Alichukua ndege na kile kiti, akavaa viatu vyake kizingitini, akaenda.

Jumamosi, 25 Oktoba

Talal ameondoka. Mfuko wa shati ulikuwa umefungwa kifungo.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua hizi, ambazo redio imezipa jina la kigeni, zimekata barabara ya Wawi. Wenzangu wamenijia wakaniuliza kama ni kweli Thabit aliingia kwangu. Nikawaambia ni kweli. Wakaniuliza alifuata nini. Nikawaambia waniache.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo wiki mbili zimetimia tangu Talal aondoke. Nimekaa ndani tangu asubuhi, nimevaa nguo ya kutokea. Hakuja. Nilijua. Mtu wa kunyamaza ni wa kunyamaza tu.

Jumapili, 9 Novemba

Kapiga hodi saa nne asubuhi, katikati ya mvua, chini ya mwavuli, na mlango wa jirani wangu wa kulia ukafunguliwa kidogo kutazama. Alikuwa ameishika ndege ndani ya lile boksi la zamani, kwapani, limefunikwa mfuko wa nailoni.

"Umechelewa siku moja," nikamwambia.

"Gundi ilikuwa haijakauka."

"Gundi gani tena? Ndege imekwisha."

Akafunua. Kile kioo kakikata kwa wembe wa moto, polepole sana, hakuna ufa hata mmoja, akakitia bawaba ya uzi mwembamba wa shaba. Sasa kinafunguka. Na ndani, kwenye ubavu wa kushoto kama namba moja inavyosema, kile kiti kimekaa. Kitupu. Kakipaka rangi ya udongo.

"Akija tena," akasema Thabit, "tapata pa kumkalisha."

Nilimwambia bado nimemkasirikia. Akasema anajua. Nilimwambia nitamkasirikia muda mrefu, pengine mpaka mmoja wetu aoshwe. Akasema anajua. Nikamwambia basi apite, mvua inaingia ndani. Viatu nilimwonesha pa kuviweka. Tulikunywa chai, hatukusema lolote la maana, akalalamika sukari kama zamani.

Ndege iko juu ya kabati la mama, kioo kiko wazi. Ninayo wiki moja. Jumapili ijayo nitamrudishia mwenyewe, kwa miguu yangu, mchana, dukani kwake, mbele ya wote wanaofuata misumari Wete. Na nitanunua misumari.